Miche Chini ya Kihenge

Desemba ya 1985 nilihamishiwa Shinyanga nikiwa bwana misitu wa miaka thelathini na mmoja, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kugawa miche. Lori lilinishusha na viriba vyangu chini ya mbuyu wa ofisi ya kijiji kimoja, mashariki ya mji. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa watu wake wengi wangali hai nami sikuwaomba ruhusa. Miche ilikuwa ya mikaratusi na mijohoro. Mwenyekiti alisoma majina ya kaya, kila kaya miche ishirini, na kila mkuu wa kaya akatia sahihi au dole gumba. Jioni niliandika katika taarifa yangu kwamba mwitikio wa wananchi ulikuwa mzuri.

Mwishoni mwa Februari nilirudi kukagua. Katika mashamba mawili ya kwanza nilikuta vijiti vikavu. Katika nyumba ya tatu nilimkuta mama mmoja wa makamo, mjane, akirudi kisimani. Tulisalimiana, mwangaluka mayu, nikamuuliza habari ya miche. Hakunipeleka shambani. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kihenge chake kilichoinuliwa juu ya mawe, akainama na kunionyesha. Miche yote ishirini ilikuwa pale kivulini, ndani ya viriba vyake, mingi bado mibichi. Alikuwa akiimwagilia maji aliyoyabeba kichwani.

“Umeitunza, mama, lakini hukuipanda.”

“Nimeitunza kwa sababu niliiwekea dole gumba,” alisema. “Hii miti ni ya serikali, baba. Nikiipanda shambani kwangu, mwakani shamba litakuwa la nani?”

Chuoni tulifundishwa ukubwa wa shimo, nafasi kati ya mche na mche, na namna ya kupambana na mchwa. Swali lile halikuwamo katika daftari langu lolote. Ni zaidi ya miaka thelathini na mitano sasa. Nimestaafu na nimeshasoma taarifa nyingi zinazoeleza kwa nini mkulima mdogo hupokea au hukataa kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi, lakini bado ninalirudia swali la mama yule.

Anayeijua Shinyanga ya leo huenda asiamini tulivyoikuta. Ukame wa miaka iliyotangulia ulikuwa umeiacha nchi uchi. Kutoka barabarani uliweza kumwona mtu akitembea maili nzima mbele yako, hakuna kilichomficha. Upepo wa Septemba uliinua udongo mwekundu mpaka taa zikawashwa alasiri. Wanawake walipikia kinyesi cha ng’ombe na mabua ya pamba, vitu ambavyo vingepaswa kurudi shambani kuwa mbolea. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa ule alionya kwamba unageuka jangwa, na onyo lake ndilo lililotusukuma sisi sote huko.

Tulidhani wenyeji waliharibu nchi yao kwa kutojua. Tulisahau, au hatukuambiwa, kwamba tangu miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliwatoa watu kila kiangazi kwenda kufyeka mapori ili kuwafukuza mbung’o, na kwamba makao ya utafiti wa mbung’o, chini ya Charles Swynnerton, yalikuwa Shinyanga hapo hapo. Baadaye ikaja pamba, na kila shamba la pamba lilikula kipande cha pori. Mifugo ikaongezeka, maana kwa Msukuma ng’ombe ni akiba, ni mahari, ni chakula cha mwaka mbaya. Kisha ikaja Operesheni ya 1974, ya kuwahamishia watu vijijini.

Ya Operesheni nilielezwa na mzee mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita namhala, nami nitamwita hivyo hivyo. Alinikuta nimekaa chini ya mbuyu siku ile ya ukaguzi, nimeinamisha kichwa, akaniambia, “Bwana miti, njoo tutembee.” Tulitembea karibu saa mbili. Alinitajia udongo kama mtu anavyotaja ndugu zake: luseni, mchanga wa juu unaofaa mihogo na karanga, itogoro chini yake, kisha mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kushika miguu masika. Kila mmoja una kazi yake na mimea yake. Mikaratusi yangu ilikuwa imegawiwa kwa orodha ya kaya, wala si kwa udongo.

Tulifika kwenye uwanda mtupu, mbuzi wakirandaranda. “Hapa,” alisema, “palikuwa ngitili ya baba yangu.”

Ngitili, kwa msomaji asiye Msukuma, ni malisho yanayofungwa. Mvua zinapoanza, mwenye ngitili huweka alama mpakani na mifugo haiingii. Nyasi hukua, huzaa mbegu, hukauka zikiwa zimesimama. Mabua ya mashambani yakiisha, kwenye Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa kipande kwa kipande, na kwanza hulishwa ndama, wazee na wagonjwa wa zizini na maksai watakaolima. Ndani yake miti huota bila kupandwa na mtu. Ni hekima ya watu wanaojua kwamba mvua itawaangusha mwaka mmoja katika kila michache.

Watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, namhala alisema, kila mmoja aliiacha ngitili yake nyuma, kilomita nyingi. Mbali na macho ya mwenyewe ikawa ya wote, na ikalishwa mpaka mizizi. “Sikuacha kufunga kwa ujinga,” alisema. “Ningemfungia nani?” Halafu akachimbua kwa fimbo yake kwenye tako la kichuguu. Palikuwa na kisiki, na kwenye kisiki machipukizi mabichi yaliyotafunwa na mbuzi, yakachipua, yakatafunwa tena. “Unaniletea mti kwa lori,” alisema. “Huu hapa haukufa. Haujaulizwa, lakini upo.”

Nilipaswa kuelewa mapema kuliko wenzangu, kwa sababu mimi ni Mshambaa wa bonde la Mlalo. Huko kwetu, mwaka 1946, utawala ulianzisha mpango wa kuokoa udongo, na baadaye ukausambaza katika milima ya Usambara. Kila kaya ilipimiwa sehemu ya kulima kwa matuta, na asiyetimiza alitozwa faini. Kazi ile iliwaangukia zaidi wanawake. Mama yangu alilima matuta akiwa na mimba yangu, mwaka 1954, na alinisimulia mara nyingi: jembe, mteremko, na karani aliyepita na kijiti cha kupimia. Hasira ile iliwapeleka wengi katika chama cha TANU, na kabla ya uhuru mpango ukafa. “Tuliyabomoa kwa mikono yetu,” mama alikuwa akisema, “na tuliimba tukiyabomoa.” Kilichoniuma nilipokua nikasoma ni kwamba hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, udongo wa Mlalo ulikuwa ukiondoka. Lakini kwa miaka mingi baadaye yeyote aliyetamka neno tuta mbele ya wazee wetu alitazamwa kama karani yule. Mimi, mtoto wa mwanamke yule, nilikwenda Shinyanga na orodha ya majina na wino wa dole gumba.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliuita HASHI, kwa fedha za serikali yetu na za Norwei, na baadaye watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF wakajiunga. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vitalu na miche. Polepole kazi ikageuka. Hakuna siku moja ninayoweza kuionyesha na kusema ilianzia hapa. Nakumbuka tu kwamba maofisa walianza kurudi na habari zinazofanana na yangu, na kwamba wakubwa wetu, kwa heshima yao, walizisikiliza.

Nilitumwa tena katika kijiji kile kile cha miche, safari hii bila lori. Niliambiwa niulize watu wanaitaka miti gani na kwa kazi gani. Niliwauliza wanaume, wakanitajia miti ya nguzo na majani ya ng’ombe. Nilitaka kufunga daftari, mama wa kihenge akaniuliza mbele ya wote kama wanawake hawapiki. Basi tukakaa na wanawake peke yao, mchana mzima, na daftari likajaa: kuni zisizotoa moshi mwingi, mboga za porini ambazo huchumwa mvua za kwanza, mkwaju wa uji, mizizi ya tumbo la mtoto, nyasi za kuezekea, mahali pa kutundika mzinga. Karibu yote yalikuwa miti na mimea ya pale pale. Hakuna aliyetaja mkaratusi. Nilikuwa nimeishi nao muda mrefu, na ilinichukua swali la mwanamke mmoja kujua kwamba nilikuwa nimezungumza na nusu ya kijiji.

Kuhusu ardhi itakuwa ya nani, jibu halikutoka kwetu. Lilitoka dagashida, mkutano wa kijiji wa Kisukuma, ambako banamhala, yaani wazee, hukaa mbele na maneno husemwa mpaka yaishe. Niliruhusiwa kuhudhuria, sikuruhusiwa kuongoza. Walibishana tangu asubuhi. Wapo waliosema ngitili zirudi kwa familia kama zamani. Vijana wakauliza wale waliokuta ardhi imeshagawanywa wafanyeje. Mwishowe wakakubaliana: kila familia yenye eneo ifunge kipande chake, na kijiji kifunge kilima kimoja kwa ajili ya wasio na kitu na kwa ajili ya shule. Mipaka ikatembelewa kwa miguu, wazee na watoto pamoja, watoto wakiambiwa wakumbuke. Ulinzi ukapewa sungusungu, ambao miaka michache nyuma walikuwa wamejipanga wenyewe dhidi ya wezi wa ng’ombe. Atakayeingiza mifugo kabla ya wakati atalipa mchenya, faini ya jadi, bila kujali ni nani.

Kiangazi kile kile mifugo ya mtu mwenye cheo ilikamatwa ndani ya kilima kilichofungwa. Usiku ule niliusikia mwano, ukelele wa hatari, ukipigwa kutoka mji hadi mji, nikadhani kuna wizi. Asubuhi kijiji kizima kilitaka kuona kitakachotokea. Alilipa. Kama ungeniuliza ni siku gani hifadhi iliota mizizi pale, ningekutajia ile, na si siku ya semina yoyote. Wiki ile familia sita zilikwenda kwa mwenyekiti kuandikisha mipaka ya ngitili zao. Nilikuwa nimewahubiria familia hizo hizo miezi na miezi.

Kilichofuata kilifanywa na macho. Mvua za mwaka wa pili zilikatika mapema, na kufikia Septemba ng’ombe wa kijiji cha jirani walikuwa wakiinuliwa kwa mikia asubuhi ili wasimame. Namhala alifungua ngitili yake kipande cha kwanza. Nilikuwapo. Nyasi zilimfikia magotini, za rangi ya mkate, na maksai wake waliingia taratibu kama wanyama wasioamini. Watu walikuja kutoka mbali kusimama mpakani na kutazama tu. Kisha wakaja na kamba kuomba kununua nyasi, kisha wakaja na maswali. Alipoanza kulima mvua zilipoanza, maksai wake walikuwa na nguvu, naye akawahi kupanda kabla ya majirani. Mvua ikikatika mapema, aliyewahi kupanda ndiye anayevuna. Hivyo ngitili, ambayo sisi tuliiweka katika faili la mifugo na misitu, ilikuwa vilevile kinga ya mtama na mahindi dhidi ya ukame. Wao walijua, sisi tulikuwa na mafaili mawili.

Wakati huo huo niliona jambo jingine ambalo halikuwa na mradi wala bajeti. Bondeni, kwenye mbuga, watu walizidi kuchimba majaluba, vishamba vya mpunga vyenye kingo za udongo zinazoshika maji ya mvua yanayoteremka. Sikumwona ofisa akihamasisha majaluba. Kijana alifanya kibarua kwa mjomba, akaona kingo zinavyopangwa, akarudi kwao akachimba. Mpunga uliuzwa kwa fedha taslimu mwaka ule ule. Kuvuna maji ya mvua leo kunafundishwa kama somo, na ni somo zuri. Lakini pale lilisambaa kwa sababu lililipa upesi, na kwa sababu aliyechimba aliamini kwamba mwakani jaluba bado litakuwa lake.

Sitaki kupamba. Si wote walioingia kwa mlango mmoja. Mwenye ng’ombe hamsini alikuwa na sababu ya kufunga hekta kumi, na alikuwa nazo. Aliyekuwa na ekari mbili hakuweza kuifunga hata moja, kwa kuwa watoto wangelala njaa mwaka huo akisubiri faida ya mwaka wa tatu. Aliyekodi shamba kwa msimu hakupanda mti, na ningekuwa mimi nisingepanda. Wengine walianza kuuza nyasi za ngitili kwa bei ambayo maskini wa kijiji hicho hicho hakuimudu. Wako watafiti waliokuja na madodoso wakauliza umri, elimu, ukubwa wa kaya, umbali wa soko, mara ngapi ofisa ugani amefika. Yote hayo yana uzito, nimeyaona yakifanya kazi. Ila dodoso lile halikuwa na mstari wa kuuliza nani atamfukuza nani siku mume akifa.

Mama wa kihenge alikuwa amefiwa na mume kabla sijafika. Katika dagashida aliomba kufunga kipande kilichokuwa cha mumewe upande wa itogoro. Shemeji zake walisimama wakasema ardhi ni ya ukoo, yeye alime tu. Aliruhusiwa kulima. Hakuruhusiwa kufunga, kwa maana kufunga ni kusema hapa ni pangu kwa miaka mingi ijayo. Nilikuwa nimekaa pale, mgeni, nimenyamaza. Niliambiwa baadaye na namhala kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa adabu. Mimi sijawahi kuridhika na adabu ile. Yule ndiye mtu wa kwanza kijijini aliyebeba maji kichwani kwa ajili ya mti, na ndiye aliyenyimwa pa kuuweka.

Alikuja kupata mwaka 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa imeanza kutumika, ikitambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi ya kijiji sawa na mwanamume na kukitaka kijiji kiandike ardhi yake. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa amekua, alisimama naye kwenye baraza. Alifunga ekari tatu. Nilipompitia alikuwa ameacha migunga ijiotee, na katikati palikuwa na mijohoro minne mikubwa, mirefu kuliko nyumba. Aliniambia ni uzao wa ile yangu. Alikuwa ameipanda uani mwaka 1986, alipochoka kuimwagilia kihengeni, na baadaye akachukua mbegu zake akazipanda pale.

HASHI ulifungwa mwaka 2004. Wakati unaanza, ngitili zilizokuwa zimesalia mkoani zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Unafungwa, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Nimewahi kusimama mbele ya wageni nikazisoma tarakimu hizo nikapigiwa makofi. Hazikuwa zangu. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka visiki ambavyo namhala alinionyesha kwa ncha ya fimbo. Dodoma sasa wanafanya kazi ya namna hiyo na wanaiita kisiki hai, na kila ninapolisikia jina hilo redioni huwa naongeza sauti.

Kwenu vijana mnaotumwa vijijini leo, mkiwa na simu zenye utabiri wa mvua na mbegu zinazokomaa mapema: pelekeni, vinahitajika. Mvua za sasa hazifuati kalenda tuliyoijua. Lakini kabla ya kufungua mizigo, kaeni siku mbili muulize ardhi hii ni ya nani, ilikuwa ya nani, na nani anaogopa kuipoteza. Waulizeni wanawake bila waume zao kuwapo. Mkikuta mche umefichwa, msiandike kwamba mwenyewe ni mzembe.

Namhala alifariki miaka kadhaa iliyopita. Ngitili yake iligawanywa kwa wanawe wanne. Wawili wamelima zao pamba, mmoja ameuza miti yake kwa wachoma mkaa. Wa nne, ambaye siku ile ya kutembelea mipaka alikuwa mtoto wa miaka tisa, bado anaifunga yake. Alinipigia simu mvua za msimu huu zilipoanza kunieleza kwamba ameshaweka alama, na kwamba shangazi yake wa jirani, yule mwenye mijohoro, ameweka za kwake siku mbili kabla yake.